Ubao wa Swichibodi Kwenye Kivinjari: Namna ya Kuufunga na Kuulinda Katika Ofisi ya Umma

Mwananchi anayepiga simu kwenye ofisi ya halmashauri akiwa kijijini hulipia kila dakika anayosubiri. Opereta wa swichibodi hupokea simu yake, humsikiliza, kisha huihamishia kwenye namba ya ndani ya Afisa Ardhi. Simu huita hadi ikakatika, kwa kuwa afisa huyo yumo kikaoni. Mwananchi hupiga tena, hueleza shida yake upya, na pengine hufanya hivyo mara ya tatu kabla ya salio lake kuisha. Katika hali hiyo ni rahisi kumlaumu opereta, lakini mara nyingi kosa si lake. Mbele yake ipo simu ya mezani na orodha ya namba iliyochapwa miaka kadhaa iliyopita, wala hana njia ya kujua iwapo afisa anayetafutwa anaongea na mtu mwingine, ametoka, au waya wa simu yake umechomoka.

Ubao wa swichibodi unaofunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta umebuniwa ili kuondoa upofu huo. Ni ukurasa mmoja unaoonesha namba zote za ndani za ofisi kwa vitufe, na kila kitufe hubadilika kadiri hali ya simu inavyobadilika: ipo huru, inaita, inatumika au haipo hewani. Opereta huona nani ana nafasi kabla ya kuhamisha simu, huihamisha kwa kubofya, na huona waliomo kwenye foleni pamoja na muda ambao kila mmoja amesubiri. Makala haya yanaeleza namna ubao huo unavyofungwa, yakitumia mfano wa FOP2, ubao unaofanya kazi pamoja na mfumo wa simu wa Asterisk.

Asterisk ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer nchini Marekani. Huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa kituo cha simu cha ofisi, na ofisi nyingi huiendesha kupitia kiolesura cha FreePBX, kinachomwezesha msimamizi kuongeza namba na foleni bila kuandika mistari ya maelekezo. Ubao wa FOP2 ulitengenezwa na Nicolás Gudiño wa Argentina, na herufi yake ya kwanza inatokana na Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe iliyotumika katika toleo la awali. Adobe ilisitisha Flash tarehe 31 Desemba, 2020, hivyo taasisi yenye ubao wa zamani ambao ghafla ulikataa kufunguka haina haja ya kutafuta fundi wa kuufufua. Dawa yake ni kuhamia toleo la pili, ambalo hufunguka kwenye kivinjari chochote cha kisasa bila nyongeza. Tofauti na Asterisk, FOP2 si programu huria. Lipo toleo lisilolipiwa lenye kikomo cha idadi ya vitufe, linalotosha ofisi ndogo au majaribio, na ofisi kubwa hulazimika kununua leseni. Leseni hiyo huamilishwa kwenye seva husika, kwa hiyo seva ikibadilishwa ni lazima leseni iondolewe kwanza kwenye seva ya zamani. Fundi anayefuta seva ya zamani kabla ya kukumbuka hilo huiachia ofisi usumbufu ambao ungeepukwa kwa dakika mbili.

Namna ubao unavyofanya kazi

Ni vyema Afisa TEHAMA akaelewa njia nzima ya taarifa kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu hitilafu nyingi hutokana na sehemu moja ya njia hiyo kuziba. Mfumo wa Asterisk una mlango wa usimamizi, kwa kawaida kwenye poti 5038. Kupitia mlango huo, hutangaza kila tukio: simu imeanza, inaita, imepokelewa, imekatwa. Kupitia mlango huohuo hupokea amri: piga namba hii, hamishia simu kule, kata. Programu ya FOP2 hukaa katikati. Upande mmoja husikiliza matangazo hayo, na upande wa pili huyapeleka kwenye vivinjari vya watumiaji kupitia mkondo unaobaki wazi muda wote, kwa kawaida kwenye poti 4445. Opereta anapobofya kitufe, amri husafiri njia hiyohiyo kurudi kwenye Asterisk.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba sauti haipiti kwenye ubao. Mazungumzo huendelea kati ya simu za mezani na seva ya simu, na ubao ni dirisha lenye vifungo vya kuongozea. Opereta ataendelea kuhitaji simu yake ya mezani, na ikiwezekana kifaa cha kuvaa kichwani ili mikono yake ibaki huru kwa kipanya na kibodi.

Maandalizi

Kazi ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta. Ni kupita ofisi kwa ofisi ukiwa na kalamu na daftari, ukipiga kila namba ya ndani na kuandika ni chumba gani kimeita. Taasisi inayoruka hatua hii huishia kuwa na ubao mzuri unaoonesha mambo yasiyo kweli: namba ya Mhasibu ilihamia Masjala wakati wa ukarabati, simu ya Afisa Ugavi imo kabatini, na namba mbili hazimo katika chumba chochote.

Sambamba na hilo, jina la kila kitufe liandikwe kwa wadhifa badala ya jina la mtu. Watumishi wa umma huhamishwa, hupanda vyeo na hustaafu, lakini dawati la Upimaji wa Ardhi hubaki. Aidha, mwananchi anayepiga simu kwa kawaida hajui jina la mtumishi. Anajua anataka hati, leseni au malipo yake. Kitufe kilichoandikwa "Ardhi – Hati" humsaidia opereta mgeni tangu siku yake ya kwanza kazini. Vitufe vipangwe kwa idara, na zile namba chache zinazoombwa kila siku ziwekwe juu, mahali ambapo jicho hufika kwanza.

Baada ya orodha kukamilika, ndipo hali ya mtandao hukaguliwa. Ubao wenyewe hutumia sehemu ndogo sana ya mtandao. Simu ndizo hutumia zaidi: mazungumzo mamoja katika mfumo wa kawaida wa sauti wa G.711 huchukua takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwa kila upande. Ofisi ambayo kompyuta zake zinapakua mafaili makubwa kwenye waya uleule wa simu itasikia sauti zikikatika, na lawama itaangukia ubao mpya. Inashauriwa simu ziwekwe katika mtandao wake ndani ya swichi zilezile, na seva pamoja na swichi zipate umeme wa akiba. Simu za mezani zinazopokea umeme kupitia waya wa mtandao zitaendelea kufanya kazi umeme ukikatika, mradi swichi inayozilisha nayo ina akiba.

Kufunga na kuunganisha

Usanikishaji wa FOP2 wenyewe ni mfupi. Programu huwekwa kwenye seva ileile ya Asterisk, mafaili yake ya msingi hukaa katika folda ya /usr/local/fop2, na kurasa za kivinjari hukaa katika folda ya tovuti ya seva. Kinachohitaji umakini ni kuunganisha pande mbili.

Kwenye upande wa Asterisk, mtumiaji maalumu wa mlango wa usimamizi hufunguliwa kwa ajili ya FOP2 pekee. Katika Asterisk isiyo na kiolesura, mtumiaji huyo huandikwa katika faili la manager.conf. Penye FreePBX, faili hilo huandikwa upya na mfumo wenyewe, kwa hiyo nyongeza za msimamizi huwekwa katika manager_custom.conf. Mtumiaji hupewa jina, nywila ndefu, na mistari miwili inayoamua nani anaruhusiwa kugonga mlango: mstari wa deny unaokataa anwani zote, na mstari wa permit unaokubali 127.0.0.1 pekee, yaani seva yenyewe. Mabadiliko hayo huanza kutumika baada ya amri ya "manager reload" katika dirisha la Asterisk.

Kwenye upande wa FOP2, jina na nywila hizohizo huandikwa katika faili la fop2.cfg, katika mistari ya manager_user na manager_secret. Kisha programu hujaribiwa kwa amri ya "fop2_server --test", inayoonesha kama imeweza kuingia kwenye mlango wa usimamizi. Jibu likiwa hapana, sababu za kawaida ni tatu: nywila zimetofautiana kwa herufi moja, mstari wa permit haukubali anwani inayotumika, au mlango wenyewe haujawashwa. Hakuna haja ya kuendelea na hatua nyingine hadi jaribio hili lipite.

Penye FreePBX, FOP2 huweza kusoma orodha ya namba moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, na kila mtumiaji huingia kwa namba yake ya ndani na namba ya siri ya sanduku lake la ujumbe wa sauti. Urahisi huo una mtego wake. Katika ofisi nyingi, namba ya siri ya sanduku hilo huachwa ikiwa sawa na namba ya ndani yenyewe, au 1234, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona kuwa siri. Siku ubao unapowashwa, namba hiyo hugeuka kuwa ufunguo wa swichibodi ya ofisi nzima. Namba zote za siri zibadilishwe kabla ya siku hiyo.

Zipo hitilafu mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni ukurasa kufunguka vizuri lakini vitufe kubaki vimepauka. Maana yake ni kwamba kivinjari kimefika kwenye tovuti lakini hakifiki poti 4445, pengine kwa sababu ngome ya mtandao imeifunga, au kwa sababu ukurasa umefunguliwa kwa njia salama ya https ilhali FOP2 haijaelekezwa kilipo cheti cha usalama. Vivinjari vya kisasa hukataa kuchanganya ukurasa uliosimbwa na mkondo usiosimbwa, na hufanya hivyo kimyakimya. Ya pili ni baadhi ya vitufe kutobadilika kamwe ingawa simu zinapigwa. Chanzo chake mara nyingi ni jina la njia ya simu. Asterisk ilikuwa na njia ya zamani iliyotambulika kwa jina la SIP, kisha ikaja mpya ya PJSIP, na njia ya zamani iliondolewa kabisa katika toleo la 21 la mwaka 2023. Kitufe kilichoandikwa SIP/1001 hakitasikia lolote kuhusu simu ambayo sasa inaitwa PJSIP/1001.

Nani aruhusiwe kufanya nini

Historia ya simu ina kisa kinachofaa kukumbukwa katika hatua hii. Almon Strowger, aliyekuwa mfanyabiashara wa huduma za mazishi nchini Marekani, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni shaka kwamba opereta wa mji wake alikuwa akielekeza simu za wafiwa kwa mshindani wake. Iwe ni kweli kwa ukamilifu wake au la, kisa hicho kinaeleza uzito wa kiti cha swichibodi: anayekikalia huona nani anampigia nani, na huamua simu ifike wapi.

FOP2 humpa kila mtumiaji orodha ya ruhusa. Zipo za kupiga, kuhamisha, kudaka simu inayoita kwenye meza nyingine, kukata, kurekodi, na kusikiliza mazungumzo ya mtu mwingine bila yeye kujua. Lipo pia neno moja, all, linalompa mtumiaji ruhusa zote kwa pamoja. Neno hilo ni fupi na hufanya ubao ufanye kazi mara moja, ndiyo maana mafundi wengi hulitumia wakati wa majaribio na kulisahau. Opereta anahitaji kupiga, kuhamisha na kudaka. Katibu muhtasi anahitaji kuona idara yake tu, jambo linalowezekana kwa kumwekea kundi la vitufe vyake. Msimamizi wa foleni anahitaji kuingiza na kuondoa watumishi kwenye foleni. Ruhusa ya kusikiliza kwa siri haipaswi kuwa mikononi mwa yeyote bila kibali cha maandishi cha mkuu wa taasisi, chenye sababu na muda.

Kurekodi nako si suala la kiufundi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inahusu pia sauti ya mwananchi anayetaja jina lake, namba ya kiwanja chake au ugonjwa wake kwenye simu. Taasisi inayotaka kurekodi iwe na sababu halali, imtaarifu anayepiga kabla mazungumzo hayajaanza, na iamue mapema rekodi zitakaa wapi, kwa muda gani na nani atazifungua. Penye shaka, ni bora kitufe cha kurekodi kiondolewe kabisa.

Ulinzi wa mlango

Anayeshika nywila ya mlango wa usimamizi wa Asterisk anaweza kuiamuru seva ipige simu popote duniani. Wahalifu wa mtandao hulijua hilo. Hutafuta mifumo ya simu iliyo wazi kwenye intaneti, huingia usiku au siku za mapumziko, na huielekeza kupiga namba za nje zenye gharama kubwa ambazo wao hupata mgawo wa mapato yake. Ofisi hufahamu pale ankara inapofika, na fedha iliyotengwa kwa mafuta ya gari la ukaguzi huwa imekwisha kulipia simu ambazo hakuna mtumishi aliyezipiga.

Kwa sababu hiyo, poti 5038 haipaswi kuonekana nje ya seva. Poti 4445 na ukurasa wa ubao vionekane ndani ya mtandao wa ofisi pekee. Opereta anayehitaji kufanya kazi akiwa nje aingie kwanza kwa njia ya siri ya mtandao ya taasisi. Nywila za kiwandani zifutwe. Mojawapo, amp111, imetumika katika mifumo ya FreePBX kwa miaka mingi kiasi kwamba ni miongoni mwa za kwanza kujaribiwa na kila mvamizi. Namba za ndani zisizohitaji kupiga nje ya nchi zifungiwe huduma hiyo kwenye mfumo, na mtoa huduma wa laini aombwe kuweka ukomo wa matumizi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kuzingatia viwango na miongozo ya Serikali Mtandao, hivyo Kitengo cha TEHAMA kiwasiliane na Mamlaka ya Serikali Mtandao wakati wa kupanga, badala ya kusubiri seva ikiwa tayari imewashwa.

Siku ya kuanza

Opereta afundishwe kwenye kiti chake, kwa simu za kweli. Jambo la kwanza la kufundishwa ni tofauti kati ya kuhamisha moja kwa moja na kuhamisha kwa kuuliza kwanza. Katika namna ya kwanza, mwananchi hutupwa kwenye meza ya pili na opereta hajui kilichompata. Katika namna ya pili, opereta huzungumza na afisa, humweleza shida kwa sentensi moja, kisha humwachia mwananchi ambaye halazimiki kuanza upya. Huchukua sekunde kumi zaidi, na kwa simu za malalamiko ndiyo namna inayofaa karibu kila mara.

La pili ni kwamba kitufe kilicho huru hueleza hali ya simu, si ya mtu. Simu ipo huru hata afisa akiwa safarini. FOP2 huruhusu kila mtumishi kuweka alama ya hali yake, na maneno ya alama hizo yanaweza kubadilishwa yakasomeka "Kikaoni", "Safarini" au "Likizo". Alama hizo hufaa pale tu wakuu wa idara wanapozitumia wenyewe. Wasipofanya hivyo, watumishi walio chini yao nao huziacha ndani ya wiki ya kwanza, na opereta hurudi kubahatisha.

Orodha ya namba iliyochapwa isitupwe. Ibaki mezani, na isahihishwe kila ubao unaposahihishwa. Kompyuta ya opereta ikizima, au ukurasa ukipauka katikati ya asubuhi yenye shughuli nyingi, simu zenyewe hazikatiki, kwa kuwa hazipiti humo. Opereta huinua mkono wa simu, hubonyeza kitufe cha kuhamisha kilichopo kwenye simu yake, hupiga namba anayoiona kwenye orodha, na humwita Afisa TEHAMA baada ya mwananchi aliye hewani kuhudumiwa.